Sarafu ya Mwenye Kudai: Dinari ya Sahib al-Zanj katika Mizani ya Ushahidi

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika milango ya fiqhi inayohusu hukumu na mashauri, kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi ni kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na anayekanusha anatakiwa kuapa. Wanavyuoni wetu wameijenga kanuni hii juu ya hadithi mashuhuri ya Ibn Abbas (R.A.), na makadhi wameitumia karne baada ya karne katika mirathi, ndoa, mashamba na madeni. Katika makala hii tunakusudia kuipeleka kanuni hiyo mahali ambapo wengi hawajaizoea, nako ni kwenye sarafu za kale, na hasa sarafu za watu waliodai utawala kwa muda mfupi kisha wakaondoka. Je, sarafu ya mtu kama huyo inathibitisha nini? Na ni jambo gani ambalo haiwezi kulithibitisha hata kidogo?

Mfano wetu mkuu ni Ali bin Muhammad, aliyejulikana kwa jina la Sahib al-Zanj, yaani kiongozi wa Wazanji, aliyeitikisa dola ya Bani Abbas kusini mwa Iraq kuanzia mwaka 255 hadi 270 Hijria (869 hadi 883 Miladia). Tumemchagua huyu kwa sababu jina la wafuasi wake linatugusa sisi watu wa Afrika ya Mashariki, na kwa sababu dinari zake chache zilizosalia zinasimulia jambo ambalo vitabu vya maadui zake havikulazimika kulihifadhi.

CHAPA NA DAI

Sisi tunaandika kutoka Kisongo, magharibi mwa mji wa Arusha, ambako mnada wa mifugo si jambo geni kwa yeyote. Hapa mfugaji hahitaji kufundishwa maana ya chapa. Ng'ombe mwenye alama sikioni au ubavuni anatangaza kwamba yuko mtu anayesema, "Huyu ni wangu." Lakini mnunuzi mwenye busara haishii kwenye alama. Atauliza mnyama katoka boma gani, aliyemleta ni nani, na ni nani anayemfahamu huyo aliyemleta. Alama hutangaza dai, na haki ya kumiliki huthibitika kwa mambo mengine. Sarafu nayo ndivyo ilivyo, na pengine si bure kwamba Kiswahili husema sarafu imepigwa chapa kama kinavyosema juu ya mnyama.

Katika dola za Kiislamu alama za utawala zilizojulikana kwa kila mtu zilikuwa mbili: jina la mtawala kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina lake kuandikwa juu ya sarafu. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ameihesabu sikka miongoni mwa alama za ufalme. Imam al-Nawawi amesema katika al-Majmu' kwamba ni makruhu kwa raia kupiga sarafu hata kama ni safi isiyo na ghushi, kwa kuwa hilo ni jambo la Imam. Hivyo basi, kila aliyeasi au kudai ukhalifa alifanya haraka kupiga sarafu yake. Khutba husikiwa na waliomo msikitini kisha sauti ikaisha, ilhali sarafu husafiri sokoni kutoka mkono hadi mkono, na baada ya miaka elfu moja bado inasema maneno yale yale.

Tazama jinsi jambo hili linavyotaka uangalifu. Katika miaka ya 60 na 70 ya Hijria, Abdullah bin Zubayr (R.A.) alipewa baia Makka, na wanavyuoni wengi wa Ahlu Sunna wanamhesabu kuwa khalifa halali. Abdul-Malik bin Marwan alikuwa Damascus akidai jambo hilo hilo. Naye Qatari bin al-Fuja'a, kiongozi wa Khawarij, alikuwa akipigana katika nchi za Fursi. Dirhamu za Ibn Zubayr na za Qatari zilizopigwa mashariki zipo hadi leo, na kila mmoja wao anaitwa amiri wa waumini kwa maandishi ya Kipahlavi. Abdul-Malik naye alijiita kwa lakabu hiyo hiyo. Mtu akiziweka sarafu hizo mezani, hataweza kwa kuzitazama tu kujua nani alikuwa sahihi na nani alipotea. Atajua tu nani alidai nini, na wapi, na mwaka gani.

MASHAHIDI WAWILI KATIKA NCHI ZA RUMI

Wataalamu wa Ulaya wamelijua jambo hili kwa sarafu za Warumi. Katika karne ya 3 Miladia dola ya Rumi ilipasuka, na majemadari wengi wakajitangaza kuwa wafalme, baadhi yao kwa miezi au wiki chache tu. Miongoni mwao alikuwa mmoja aitwaye Domitianus, aliyeinuka yapata mwaka 271 katika upande wa magharibi uliokuwa umejitenga. Huyu si yule Domitianus mfalme wa karne ya kwanza. Vitabu vya kale vilimtaja kwa maneno machache mno. Mwaka 1900 ilipatikana nchini Ufaransa sarafu moja yenye sura yake na taji la kifalme, lakini kwa miaka mingi wataalamu wengi waliitilia shaka na kusema ni ya kughushi. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye hakuaminika.

Mwaka 2003 kikapatikana chungu huko Chalgrove, karibu na mji wa Oxford nchini Uingereza, ndani yake zikiwamo sarafu karibu 5,000 zilizogandana. Zilipotenganishwa kwa ajili ya kuzihifadhi, ikatoka moja ya Domitianus huyo huyo. Shaka ikaondoka, kwa sababu shahidi wa pili alijulikana alikotoka na aliokuwa pamoja nao ardhini. Hapa msomaji wa fiqhi atatabasamu, maana sharti la mashahidi wawili na sharti la kujua hali ya shahidi si mageni kwake. Hata hivyo, sarafu hizo mbili hazikumfanya Domitianus kuwa mfalme wa haki. Zimethibitisha tu kwamba alidai, na kwamba alikuwa na mafundi na madini ya kulipigia chapa dai lake.

ALI BIN MUHAMMAD NA WATU WA CHUMVI

Tuje sasa kwa mtu wetu. Ali bin Muhammad, kwa mujibu wa al-Tabari, alizaliwa Warzanin karibu na mji wa Rayy. Aliishi Samarra karibu na watu wa ikulu, akitunga mashairi ya kuwasifu wakubwa. Mwaka 249 Hijria akaenda Bahrain, akadai nasaba ya Sayyidna Ali (R.A.), na watu wakamfuata kisha wakamwacha. Nasaba aliyojinasibisha nayo ilibadilika zaidi ya mara moja, na wanahistoria wengi hawakuikubali. Baadaye akafika Basra, na katika mwezi wa Ramadhani mwaka 255 akaanzisha harakati yake miongoni mwa watumwa waliokuwa wakifanya kazi katika mabwawa ya kusini.

Kazi yao ilikuwa kuondoa tabaka la chumvi lililofunika ardhi ili mashamba yapate kulimika. Ilikuwa kazi ya jua kali na maji ya chumvi. Al-Tabari mwenyewe, ambaye hana huruma na uasi huu, ameeleza kwamba chakula chao kilikuwa unga kidogo, sawiq na tende. Walikaa kwa makundi ya mamia, mbali na jamaa zao, chini ya mawakili wa matajiri wa Basra. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba watumwa ni ndugu zenu, walishwe katika chakula mnachokula, wavishwe katika nguo mnazovaa, na wasikalifishwe wasiyoyaweza. Matajiri wale walikuwa wakiswali na kufunga. Wala haitoshi kwetu kumlaani muasi na kuwapita kimya wao waliomwandalia uwanja.

Mabwana walipoona watumwa wao wanamkimbilia Ali bin Muhammad, walimwendea wakataka kumpa dinari tano kwa kila mtumwa atakayerudishwa. Akakataa, akawaapia wafuasi wake kwamba hatawasaliti. Hili al-Tabari amelisimulia, na ni la kuhesabiwa kwa upande wa mtu yule. Lakini al-Tabari amesimulia pia kwamba aliwaahidi wafuasi hao kuwa nao watamiliki mali, majumba na watumwa. Hakuahidi kuufuta utumwa. Aliahidi kuwageuza waliokuwa chini wawe juu.

Harakati ikakua. Ubulla ikatekwa mwaka 256. Basra ikaingiwa katika Shawwal mwaka 257, na mauaji yaliyotendeka humo yaliitia simanzi nchi nzima. Wasit ikafuata mwaka 264. Wazanji walijenga mji wao, al-Mukhtara, kwenye mfereji wa Nahr Abi al-Khasib, wenye kuta, masoko na msikiti. Al-Mas'udi anaeleza kwamba katika kambi ya Wazanji wanawake wa ukoo wa Hasan na Husayn na wa Bani Abbas walinadiwa kwa dirhamu mbili au tatu. Hatimaye al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa al-Mu'tamid, pamoja na mwanawe Abul-Abbas, aliuzingira mji huo kwa muda mrefu, huku akitoa amani kwa kila aliyetoka. Wengi wakatoka. Mwezi 2 Safar mwaka 270, sawa na tarehe 11 Agosti 883, Ali bin Muhammad aliuawa na mji ukaanguka.

DINARI INASEMA NINI

Katika miaka hiyo ya al-Mukhtara zilipigwa sarafu, na chache za mwongo wa 260 Hijria zimesalia. Mwaka 1893 Mfaransa Paul Casanova aliandika makala juu ya sarafu ya kiongozi wa Wazanji, na mwaka 1933 Mwingereza John Walker akaandika juu ya nyingine. Hadi leo ni nadra mno, na mnada wa sarafu unapotangaza moja, wakusanyaji wakubwa wa dunia hushindana kwa fedha nyingi.

Maandishi yake ndiyo yenye thamani kwetu. Mahali pa kupigwa pametajwa kuwa al-Madina al-Mukhtara. Mwenyewe ametajwa kwa jina lake, Ali bin Muhammad, pamoja na lakabu ya al-Mahdi. Imo aya ya 111 ya Surat al-Tawba, ambayo Allah (S.W.) anaeleza ndani yake kwamba amenunua kwa waumini nafsi zao na mali zao kwa malipo ya Pepo. Aya hiyo hiyo, kwa mapokezi ya al-Tabari, ndiyo iliyoandikwa juu ya bendera yake siku za mwanzo. Na limo pia tamko mashuhuri la Khawarij, kwamba hakuna hukumu ila ya Allah, tamko ambalo Sayyidna Ali (R.A.) alilieleza kuwa ni neno la haki lililokusudiwa batili.

Msomaji ayapime haya. Cheo cha Mahdi, kwa mtu aliyejinasibisha na kizazi cha Ali, ni dai linalowavuta wapenzi wa Ahlul-Bayt. Tamko la pili ni la watu waliomkufurisha na kumuua huyo huyo Ali. Mambo mawili yasiyokaa pamoja katika kitabu cha itikadi yamekaa pamoja juu ya kipande cha dhahabu chenye upana wa ukucha. Aya nayo, yenye kutaja kununuliwa kwa nafsi, iliwafikia watu ambao nafsi zao zilikuwa zimenunuliwa na kuuzwa sokoni. Hatuoni maneno yaliyoweza kuwaingia zaidi ya hayo. Aliyeyachagua alijua anazungumza na nani.

KUWAPIMA MASHAHIDI

Hapa ndipo fiqhi inapotufaa katika historia. Karibu kila tunachokijua juu ya Sahib al-Zanj kimeandikwa na wapinzani wake. Al-Tabari haachi kumwita khabithi na adui wa Allah. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, ushahidi wa adui dhidi ya adui yake katika uadui wa dunia haukubaliwi. Je, tuyatupe mapokezi yote ya al-Tabari?

Jawabu letu ni kwamba haifai kuyatupa, na haifai kuyameza mazima. Kwanza, al-Tabari aliishi Baghdad zama hizo hizo, na baadhi ya aliowapokelea walikuwa ndani ya harakati, kama vile Rayhan bin Salih, aliyekuwa miongoni mwa watumwa wa mwanzo kumfuata Ali bin Muhammad. Ni kweli walisimulia baada ya kujisalimisha, lakini waliyaona kwa macho yao. Pili, al-Tabari amenukuu mambo yanayomfaa adui wake, kama habari ya dinari tano na njaa ya watumwa. Msimulizi anayeandika lisilomfaa mwenyewe ana haki ya kusikilizwa.

Tatu, ipo hii dinari, nayo daraja yake ni tofauti. Haikuandikwa na adui wala haikupita kwa wapokezi. Ni maneno ya mtu mwenyewe aliyoyaamuru yaandikwe, na katika istilahi ya fiqhi tutasema ni ikirari. Ikirari ni hoja juu ya mwenye kukiri, wala haivuki kwenda kwa mwingine. Basi dinari hii ni hoja juu ya Ali bin Muhammad kwamba alijiita Mahdi na kwamba alilibeba tamko la Khawarij. Waliotaka kusema kwamba maadui walimzulia dai la Umahdi, sarafu yake inawajibu. Na wanaotaka kusema kwamba alikuwa jambazi wa mabwawani asiye na lolote, sarafu hiyo hiyo inawajibu pia, maana jambazi hapigi dhahabu yenye tarehe na jina la mji.

Lakini ikirari haimpi mtu haki juu ya wengine. Anayekiri kwamba anadaiwa huchukuliwa kwa neno lake. Anayesema kwamba yeye ndiye Mahdi hakuwa Mahdi kwa kusema, hata akisema kwa dhahabu. Hapo anarudi kuwa mdai, naye anatakiwa alete ushahidi. Ushahidi wa kiongozi ni matendo yake kwa wanyonge walio chini ya mkono wake. Nasaba yake haikuthibiti, na soko la wanawake kambini mwake limemshuhudilia vibaya. Mtu aliyekataa dinari tano kwa kichwa cha mtumwa aliacha vichwa vingine viuzwe kwa dirhamu tatu. Sarafu yake ndiyo tuliyopimia, nayo imempungukia.

WAZANJI NA PWANI YETU

Wasomaji wengi hutuuliza: hao Wazanji walikuwa ni watu wetu? Al-Jahiz, ambaye alikuwa mtu wa Basra na alifariki mwaka huo huo wa 255, ameandika juu ya Wazanji na kuzitaja Qanbalu na Lanjawiya kuwa ndiko walikotoka. Lanjawiya ni Unguja, na Qanbalu watafiti wengi wanaipeleka Pemba. Al-Mas'udi alipanda jahazi hadi Qanbalu, mara ya mwisho mwaka 304 Hijria, na akakuta Waislamu miongoni mwa wakazi wake. Hivyo mawasiliano yalikuwapo, na biashara ya wanadamu ilikuwa sehemu yake.

Hata hivyo, watafiti wa zama zetu wamehitilafiana. Alexandre Popovic alikitoa kitabu chake juu ya uasi huu mwaka 1976 akiusimulia kuwa uasi wa watumwa. M. A. Shaban, mwaka huo huo wa 1976, aliona kuwa kwa sehemu kubwa ulikuwa ni ugomvi wa biashara uliowahusisha Waarabu na watu huru. Ghada Talhami, mwaka 1977, alitahadharisha kwamba neno Zanj halikuwa na maana moja kwa waandishi wa Kiarabu, na kwamba wengi wa wale watu huenda hawakutoka pwani yetu. Sisi tunaona kwamba wapo waliotoka huku na wapo waliotoka kwingine, wakiwamo Waarabu wa mabwawani. Kijana Mwislamu wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kumfanya Ali bin Muhammad kuwa shujaa wake kwa ajili ya jina la Zanj, wala hana haja ya kuona haya kwa sababu yake. Ali mwenyewe hakuwa Mzanji.

Dhahabu ya Iraq nayo ilifika kwetu. Huko Unguja Ukuu lilipatikana katika karne ya 19 Miladia lundo la sarafu za dhahabu, na mojawapo iliyojulikana ni dinari ya zama za Harun al-Rashid. Nyingine zilitawanyika, na habari zilizokuwa nazo zikatawanyika pamoja nazo. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wachimbaji wa elimu ya mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari kadhaa za dhahabu. Zilisomwa zikiwa pamoja, zikahesabiwa na kupimwa madini yake. Kwa njia hiyo tumejua kwamba katika karne ya 11 Miladia masultani wa visiwa vyetu walikuwa wakipiga fedha kwa majina yao, yenye maneno ya kumtegemea Allah. Baadhi ya majina hayo hatuyapati katika tarehe ya Kilwa wala pengine popote. Lundo lile lingeuzwa mojamoja sokoni, masultani hao wangekufa mara ya pili.

HUKUMU ZA MWENYE KUKUSANYA

Kwa kuwa hapa Arusha mjini sarafu za Kijerumani na za Zanzibar huuzwa kwa watalii, na Waislamu wamo miongoni mwa wauzaji na wanunuzi, tunakhitimisha kwa masuala machache ya fiqhi.

La kwanza: kugusa sarafu yenye aya bila udhu. Kauli iliyo sahihi zaidi kwa wanavyuoni wa Shafi'i, kama alivyoieleza al-Nawawi, ni kwamba inajuzu, kwa kuwa sarafu haikukusudiwa kuwa msahafu na watu wanaihitaji katika mambo yao. Adabu hata hivyo ibaki, isiwekwe mahali pa unajisi wala pa kukanyagwa.

La pili: kuinunua. Dinari ya kale haitoki katika hukumu ya dhahabu kwa sababu ya ukale wake. Ikibadilishwa kwa dhahabu, kwa kauli ya jamhuri lazima uzito ulingane na makabidhiano yawe papo hapo, hata kama moja ni adimu na nyingine ni ya juzi. Ikinunuliwa kwa shilingi, bei iwe watakavyopatana, lakini makabidhiano yawe katika kikao kile kile, maana Majma' al-Fiqh al-Islami katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 iliamua kwamba noti zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kuichukua dinari leo na kulipa mwezi ujao hakufai.

La tatu: zaka. Anayeweka dinari za dhahabu sandukuni kwa ajili ya kukusanya hawezi kusema ni pambo la mkewe, kwa kuwa hazivaliwi. Zikifika nisabu ya mithqali 20, ambayo ni yapata gramu 85, na mwaka ukapita, ana wajibu wa robo ya kumi.

La nne, nalo ndilo lenye kughafilikiwa zaidi: sarafu iliyofukuliwa. Wanavyuoni wa Shafi'i wametofautisha kwa kuangalia chapa yenyewe. Ikiwa ni hazina ya kabla ya Uislamu, kama sarafu ya Kirumi yenye sura ya mfalme wao, na imepatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe, hiyo ni rikazi na ina khumsi. Ikiwa ina aya ya Qur'ani au jina la mfalme wa Kiislamu, hiyo si rikazi. Ni mali ya Mwislamu iliyopotea, nayo inachukua hukumu ya luqata, itangazwe na isifichwe. Hivyo dinari ya Sahib al-Zanj na dirhamu ya Mtambwe, mtu akizifukua, si riziki ya kukimbilia nayo kwa mnunuzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya nchi yetu nayo inamtaka mwenye kugundua vitu vya kale atoe taarifa, na inazuia kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Katika hili sheria na fiqhi zimeshikana mikono, na kuitii ni katika kutimiza amana.

La tano: ghushi. Sarafu za kale za bandia ni nyingi, na muuzaji anayejua kisha akanyamaza amemghushi Mwislamu mwenziwe au mgeni wake. Asiyejua aseme sijui.

Kwa ufupi, sarafu ya mwenye kudai ni ikirari yake iliyobaki baada ya sauti yake kuzimika. Tuihifadhi, tuisome ikiwa mahali pake, tuikubali katika lile inalolithibitisha, na tusiipe haki ambayo mwenyewe hakuweza kuithibitisha. Leo pia wapo wanaopiga chapa majina yao, wengine kwenye mabango na wengine kwenye kanda za mawaidha, wakidai uongozi wa dini kwa aya nzuri zilizochaguliwa vyema. Aya ni ya haki siku zote. Aliyeibeba ndiye anayetakiwa kupimwa, na kipimo chake ni hali ya mnyonge aliye chini ya mkono wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wakweli katika ushahidi wetu kwa walio hai na kwa waliotangulia. Wallahu a'lam.